Mjadala: John Glover aliitunza kumbukumbu ya Tasmania au aliisafisha?

Wadau, msimamo wangu nautaja mapema: michoro ya Glover isitundikwe makumbusho bila kibao kinachosema ukweli.

Kwa asiyemfahamu, ni mchoraji Mwingereza aliyehamia Tasmania, kisiwa cha kusini mwa Australia (enzi hizo Van Diemen's Land), mwaka 1831, ana miaka 64 na jina tayari. Alikuta vita vya walowezi na wenyeji vinaelekea mwisho. Mwaka 1830 tu serikali ilikuwa imewapanga wanaume wapatao 2,200 mstari mmoja, wawaswage wenyeji kama mawindo. Januari 1832 mabaki ya makabila mawili, watu 26, waliingia mjini Hobart. Glover akawachora daftarini. Siku chache baadaye wakapakiwa merikebuni kwenda uhamishoni Flinders Island.

Sasa tazama mchoro wake wa 1834 wa Mlima Wellington na Hobart. Mbele wenyeji wanacheza ngoma, wengine wanaoga. Ng'ambo ya maji mji umetulia. Wenyewe wakati huo wako Flinders, maradhi yanawamaliza. Uhamisho ulipokwisha mwaka 1847, waliorudishwa kisiwa kikubwa walikuwa 47. Na mwaka 1835 michoro yake 68 ikaonyeshwa London. Mtazamaji wa kule angejuaje?

Mikalitusi yake naipenda, sitaficha. Aliiona ilivyo: matawi yanapinda, majani haba, milima inaonekana kwa nyuma. Ndiyo maana siamini nikiambiwa hakuona yaliyowapata wenyeji.

Mchangiaji wa pili: Mkuu, unamwonea. Mchoraji si karani wa sensa. Mwenyewe aliandika kwamba anataka kuonyesha maisha ya furaha waliyoishi wenyeji kabla Wazungu hawajafika. Walowezi wenzake wengi hata hilo hawakuwa nalo, walitaka wasahaulike kabisa. Bila yeye leo mngekuwa mnabishania nini?

Mwanzisha mada: Kabla Wazungu hawajafika? Na Hobart pale nyuma imejengwa na nani?

Mchangiaji wa pili: Hapo umenibana. Lakini huenda ndiyo alivyotaka, uone ngoma na mji kwa pamoja ujiulize. Kibao kinaweza kuua swali hilo.

Mchangiaji wa tatu: Mnabishana juu ya mchoro mmoja. Uwekeni kando ya ule wa 1835, nyumba yake na bustani pale Mills Plains. Maua ya Ulaya yamepangwa safu kwa safu, njia imefagiwa, na hakuna mwenyeji hata mmoja. Shamba aliliita Patterdale, jina la kijiji cha Uingereza. Wenyeji kawapa msitu na jioni. Penye uzio hawamo. Mimi sihitaji kibao, itundikeni miwili ukuta mmoja.

Mchangiaji wa nne: Nyote mnaongea kana kwamba watu hao wamekwisha. Wazao wao wapo Tasmania leo, wanajiita Palawa, na tangu 2013 mlima ule una jina rasmi la pande mbili, kunanyi / Mount Wellington. Huo ndio ubaya wa Glover kwangu: anakuachia huzuni tamu ya watu waliopita, unasahau kuuliza waliopo. Kibao kiwepo, ila waandike wao. Wakisema mchoro ushushwe, mwanzisha mada, utakubali?

Mwanzisha mada: Nitaumia. Nitakubali.