Kikundi cha Familia: Dada na Wenzake wa Ofisini Wako Mlimani Kuteleza kwenye Theluji

Dada: Shikamooni wakubwa. Niko hai. Lifti ya viti ya kupandia mlimani imesimamishwa kwa upepo, tumejazana kibandani huku juu.

Mama: Marahaba mwanangu. Mbona kwenye picha sioni mlima?

Dada: Huo weupe ndio mlima, Mama. Na ukungu ndio huo huo 😩

Kaka: Umetutumia karatasi tupu 😂😂

Dada: Cheka tu. Mwangaza ukiwa hivi hakuna kivuli, hujui mbele ni bonde au mwinuko. Jamaa wa mauzo alidhani amesimama, kumbe bado anateleza taratibu. Kaja kugundua ameshakaa chini.

Shangazi: Nani kawapeleka huko siku kama ya leo?

Dada: Kamati ya ofisi. Walitazama utabiri wa bondeni, nyuzi 2 na manyunyu, wakaridhika. Wa kuuliza juu kukoje hakuwepo.

Mjomba: Kila mita 1,000 unazopanda, joto linashuka nyuzi 6 hivi. Ikiwa 2 chini, mita 1,000 juu yake ni hasi 4. Na hapo upepo sijaugusa.

Kaka: Mjomba na hesabu zake 🙌

Dada: Upepo ndio wenyewe! Tulilowa chini kwenye foleni ya tiketi, tukapanda lifti ya viti hivyo hivyo. Katikati kiti kikasimama. Kinabembea, mvua imegeuka chembe za barafu, zinachapa uso. Bosi kiti cha nyuma anapiga kelele "tabasamuni, napiga picha!"

Kitinda: Huyo bosi 💀

Mama: Umevaa nini?

Dada: Sweta la sufu na jaketi la kuazima. Wenzangu wawili wamekuja na jinzi.

Mjomba: JINZI? Pamba ikilowa haikutunzii joto hata kidogo. Wavue, wavae chochote kikavu. Mtu aliyelowa akipigwa na upepo, baridi inaweza kumwangusha hata kabla ya kufika sifuri.

Shangazi: Tazameni pua na masikio. Pakiwa peupe na hapana hisia, pashwe kwa kiganja kikavu. Msisugue, na theluji msipake kabisa. Anayetetemeka ulimi ukawa mzito, waiteni watu wa uokoaji hapo hapo.

Dada: Mmoja wa jinzi anatetemeka, ila ulimi ni mwepesi mno, ameitukana kamati nzima. Kapewa blanketi.

Kitinda: Si mumpe kinywaji kikali kidogo?

Shangazi: Thubutu! Pombe inapanua mishipa ya ngozini, joto lote linatoka nje. Ataona kama kapata moto, kumbe ndio anapoa.

Kitinda: Haya Shangazi 🙏 Dada, lakini kuteleza umejua?

Dada: Najua kusimama. Unatanua visigino, ncha za mbele za skii, zile mbao za kutelezea, zinakaribiana kama kabari. Tatizo theluji ikilowa inazishika skii, mwili unaendelea na safari.

Kaka: 😂😂😂 Kwani ungekataa kwenda ingekuwaje?

Dada: Ni hiari, walisema. Halafu wakabandika ukutani majina ya wasiokwenda.

Shangazi: Hiari gani hiyo!

Dada: Na nilikuwa nalipenda wazo lenyewe, msinielewe vibaya. Siku ya jua ningerudi tena. Ila kuahirisha wiki moja tu kungemuua nani?

Dada: Wametangaza. Lifti haifunguliwi leo, tunashushwa kwa gari la theluji kwa makundi. Wa jinzi wametangulia.

Mama: Alhamdulillah. Ukifika chini badili nguo kwanza, ndipo uandike.

Dada: Sawa Mama. Simu nayo imebaki 6%.

Mjomba: Iweke ndani ya jaketi, karibu na mwili. Baridi inamaliza betri.

Dada: Gari lisharudi. Bosi anataka picha ya pamoja kwanza, ameomba simu yangu.

Mama: Mwambie imezima.