Orodha za "wakali wa Olimpiki" bila Gerevich ni dharau, nimechoka!

Wakuu, leo nimekereka kwelikweli.

Jana nasikiliza kipindi cha michezo kwenye redio moja, mtangazaji anapanga wanamichezo kumi bora wa Olimpiki wa nyakati zote. Phelps, sawa. Bolt, sawa. Carl Lewis, sawa. Anafika wa kumi, Aladár Gerevich hayumo! Nikatuma ujumbe, nikajibiwa "huyo ndiye nani?" Mtu kazi yake ni kuchambua michezo, anatuuliza sisi wasikilizaji!

Haya, huyo ndiye Mhungaria aliyecheza mchezo wa vitara, yaani kupigana kwa panga za michezo na kuhesabiwa pointi kwa kila mguso. Dhahabu ya timu Los Angeles 1932 akiwa na miaka 22. Berlin 1936 dhahabu. London 1948, Helsinki 1952, Melbourne 1956, Roma 1960, zote dhahabu. Olimpiki sita mfululizo, shindano lilelile! Ya mwisho kaichukua ana miaka 50. Na katikati hapo vita vilifuta michezo ya 1940 na 1944, yaani akiwa na miaka 30 na 34, umri ambao mcheza vitara ndiyo kwanza amekomaa. Hebu fikirieni alichonyang'anywa.

Husimuliwa kwamba kabla ya Roma viongozi wa mchezo kwao walimwambia amezeeka. Akawaita vijana wote wa timu wapambane naye mmoja mmoja, akawapiga wote. Wakamchukua.

Kuna mtu atakuja hapa na "hizo ni za timu, alibebwa". Kubebwa wapi? Enzi zile timu ina watu wanne, kila mmoja anapigana na kila mmoja wa upande wa pili, mapambano 16. Ukiwa goigoi unaonekana mchana kweupe. Halafu mtu binafsi ana shaba ya 1936, dhahabu ya 1948 na fedha ya 1952. Ongeza shaba ya timu ya foili, aina nyingine ya upanga wa michezo, 1952. Jumla medali kumi, saba za dhahabu.

Wala hakukuwa na mashine ya kuhesabu miguso. Vitara vya umeme vimeingia Olimpiki mwaka 1992. Yeye alihukumiwa kwa macho ya waamuzi, miaka 28!

Kinachoniudhi zaidi ni huku kuhesabu medali kama magunia ya mahindi. Muogeleaji Olimpiki moja anaingia majini mara nane, na Phelps kweli alizoa dhahabu nane Beijing 2008, namheshimu sana. Ila kwenye kitara Gerevich alikuwa na nafasi mbili tu kila Olimpiki, ya kwake na ya timu. Ukikosa, subiri miaka minne. Mnalinganishaje bila kusema hilo?

Nataka kujibiwa kwa majina na miaka, siyo kelele. Ukimtoa Diana Taurasi wa timu ya mpira wa kikapu ya Marekani, 2004 hadi 2024, nani mwingine amebeba dhahabu ya shindano lilelile Olimpiki sita mfululizo? Mlete hapa.