Mafundi wa Tanga, kufuta taa ya cheki injini siyo kutengeneza gari!

Wakuu habari zenu. Nimevumilia vya kutosha, leo nasema.

Huu mchezo wa kuchomoa terminali ya betri, kupiga stori dakika chache, kurudisha, taa imezimika, "tayari bosi, nipe thelathini", ni wizi. Gari haijapona. Kilichoondoka ni ushahidi tu.

Kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, haiwashi ile taa kwa kubahatisha. Muda wote injini ikiunguruma inapima hewa inayoingia, joto la maji, silinda ipi inamisi (inaruka bila kuchoma petroli yake), oksijeni iliyobaki kwenye ekzosi. Makosa mengi yakitokea mara ya kwanza inayaweka pembeni na kunyamaza. Yakijirudia safari inayofuata ndiyo taa inawaka. Na inatunza kumbukumbu ya hali ilivyokuwa wakati ule: mizunguko ya injini, mwendo wa gari, joto, mzigo, petroli inaongezwa au inapunguzwa kiasi gani. Fundi anayejua kazi anaanzia hapo. Wewe unayefuta kabla hata ya kuandika namba ya kosa kwenye karatasi, unatibu nini?

Sasa yaliyonikuta. Taa iliwaka natoka Pangani, sailensa, yaani injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta, ikawa haitulii. Nikaenda gereji moja Ngamiani. Fundi akachomeka mashine kwenye soketi chini ya usukani, ikatoka namba ya kosa P0171. Hakuuliza gari inasumbua vipi, hakufungua boneti. "Oksijeni sensa imekufa." Laki na nusu, na sensa yenyewe ya kuvuliwa kwenye gari nyingine. Taa ikazimika, maana aliifuta. Baada ya siku chache ikarudi na namba ileile.

P0171 haisemi sensa imekufa! Inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli upande wa kwanza wa injini. Sensa ndiyo iliyopeleka taarifa. Mnampiga mjumbe mnamwacha mwizi.

Aliyeugundua ugonjwa wa gari ni kijana mmoja Muheza, hana hata bango. Kabla ya kugusa chochote alisoma kumbukumbu, akanionyesha kwenye kioo: gari ikiwa sailensa kompyuta inaongeza petroli zaidi ya asilimia 20, ukikanyaga mafuta kidogo mizunguko ikapanda, ongezeko linashuka karibu na sifuri. Akasema hapo kuna hewa inaingia kwa mlango wa nyuma, bila kupita kwenye sensa ya hewa. Injini ikiwa taratibu hewa hiyo ya wizi ni sehemu kubwa ya inayovutwa, ikienda kasi inamezwa. Akapitisha vidole kwenye kimpira cha vakyumu nyuma ya manifodi, lile bomba linalogawa hewa kwenye silinda. Juu kizima kabisa, ukikikunja kwa chini mdomo wazi. Akaweka kipya, sailensa ikatulia palepale. Bei yake hata haifiki nauli ya kwenda na kurudi.

Kuna linaloniudhi kuliko hilo. Jirani yangu Chumbageni taa yake ilikuwa inawaka na kuzima, inapepesa. Akaambiwa "endesha tu, ni sensa hiyo". Jamani! Taa ikipepesa maana yake injini inamisi vibaya kiasi cha kuharibu masega, kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi. Petroli isiyoungua inakwenda kuungulia ndani ya masega, yanapata moto mpaka yanayeyuka. Hapo unapunguza mwendo, unatafuta pa kuegesha. Kumwambia mtu aendeshe ni kumtia hasara ya makusudi.

Na wauza magari mnaochomoa balbu ya ile taa au kuiziba kwa tepu, tunawajua. Wanunuzi, washeni swichi bila kupiga stata: taa ya injini lazima iwake, kisha izime injini ikishawaka. Isipowaka kabisa, shukeni mwondoke.

Msiniambie mambo haya ni mageni. Marekani mfumo huu wa injini kujipima na kutunza makosa, na soketi yake ya matundu 16, ni lazima kwa magari madogo yote tangu modeli za 1996, Ulaya kwa magari ya petroli tangu 2001. Mashine ya kusomea mnayo. Mnachokataa ni kusoma.

Ninachotaka ni kidogo. Niandikie namba ya kosa kabla hujafuta. Nionyeshe kipimo kilichokufanya useme kifaa fulani kimekufa. Ukibadilisha, nirudishie cha zamani mkononi.

Na wewe wa Ngamiani, kama unasoma hapa, unajijua. Sensa uliyonivua ilikuwa nzima. Jumamosi nakuja kuichukua, pamoja na laki na nusu yangu.