Tela la kutembeza familia juu ya marobota ya nyasi

Muuliza swali: Wakuu, nina chesisi (fremu ya chini) ya tela kuukuu, ekseli (mhimili wa magurudumu) moja, sakafu imeoza. Nataka niliunde upya niwatembeze watoto, shangazi zao na babu yao shambani, tumekaa juu ya marobota ya nyasi kavu, trekta dogo likivuta. Sakafu mita 4 kwa 2. Mbao za unene gani? Ukingo je?

Jibu: Anza na uzito. Watu 10 wa kilo 70 ni kilo 700, marobota 12 ya kilo 20 ni 240, na tela lenyewe hujaligusa. Mimi nilitumia mbao za milimita 40, boriti za chini kila sentimita 50, kwa bolti. Misumari hulegea kwa mtikisiko. Robota lina kimo cha kama sentimita 40, kwa hiyo ukingo wa 60 haumzuii mtu aliyekaa. Wangu ni 110.

Jibu: Mbao sawa, ila hiyo ekseli moja! Langu lilikuwa hivyohivyo. Watoto walikimbilia nyuma wote kumwona mbwa, mbele pakanyanyuka. Bahati nilikuwa sijafunga kwenye trekta. Nikaweka ekseli ya pili, ya mbele, inayogeuka.

Muuliza swali: Mbwa tunaye, tena mkorofi. Naitafuta ekseli.

Jibu: Na breki, mkuu. Trekta likiwa jepesi kuliko mzigo, mteremkoni tela ndilo linaloendesha.