Naomba ushauri: ninunue ruta na swichi halisi kwa mazoezi ya CCNA?

Wadau, hamjambo. Najiandaa kwa mtihani wa CCNA, cheti cha Cisco cha mitandao ya kompyuta, ule wa 200-301, na nimeweka akiba kidogo ya kujijengea maabara ya mazoezi nyumbani. Naishi bedsita huku Umoja, Nairobi, meza inatosha kipakatalishi tu, na stima ni ya tokeni.

Packet Tracer, programu ya Cisco ya kuiga mitandao, ninayo, haikunigharimu kitu, na VLAN (kugawa mtandao mmoja kuwa kadhaa) na OSPF (namna ruta zinavyopeana njia) nimezirudia humo hadi zikakaa kichwani. Lakini sijawahi kushika ruta halisi, nikachomeka kebo ya konsoli (ile ya kusanidi kifaa moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta) au kuokoa kifaa kilichosahauliwa nenosiri. Hilo linaninyima usingizi, maana natafuta kazi, si cheti peke yake. Kuna muuzaji mjini mwenye swichi mbili za Cisco, modeli ya Catalyst 2960, na ruta moja ya Cisco, modeli ya 1941, zote zimetumika. Nilisikia feni zikivuma pale dukani, na jirani yangu ana mtoto mchanga.

Mliopitia njia hii, mngenunua? Au niongeze ramu kutoka GB 8 hadi 16 nitumie GNS3, programu nyingine ya kuiga mitandao? Na nikinunua, nikague nini kabla ya kutoa pesa?