Tumelipia kuona hospitali ya kale Epidaurus, tumeishia kupiga makofi jukwaani

Wakuu, nina hasira hadi kichwa kinagonga.

Mimi ni nesi. Ile fimbo yenye nyoka mmoja, hata Shirika la Afya Duniani wanaitumia, ni fimbo ya Asclepius, mungu wa tiba wa Wagiriki. Kituo chake kikubwa cha tiba kilikuwa Epidaurus, hukohuko Ugiriki. Nimekuja Athens kikazi, siku yangu pekee ya mapumziko nikalipa euro 90 kwa tangazo la "ziara ya hospitali ya kale".

Njiani tukashushwa duka la vyungu. Saa nzima! Muongoza wageni ana cha juu pale, haihitaji darubini.

Tulipofika tukaingizwa ukumbi wa maonyesho. Sikatai, ni wa ajabu: safu 55 za mawe, sarafu ikidondoshwa chini unaisikia uko juu kabisa. Nikamuuliza muongoza wageni, wagonjwa walikuwa wanalala wapi? "Kule, mawe tu. Dakika 15, basi linaondoka."

Mawe tu! Hayo mawe ndiyo Abaton, wodi yenyewe. Mgonjwa alijitakasa, akatoa sadaka, akalala humo kusubiri mungu amjie ndotoni. Nimeiona nikikimbia kama nafukuzia daladala.

Kilichoniuma zaidi ni makumbusho, hatukuingia kabisa. Ndani kuna mawe yaliyochongwa habari za waliopona. Kuna mtoto Euphanes aliyesumbuliwa na kijiwe mwilini; mungu akamuuliza, nikikuponya utanipa nini? Dogo akajibu: vifupa vyangu kumi vya kuchezea. Mungu akacheka, asubuhi dogo akatoka mzima. Kuna na Ambrosia wa Athens, mwenye chongo, alipita akiwacheka waliodai kupona. Akaponywa, ila akaambiwa alete nguruwe wa fedha, kumbukumbu ya ujinga wake. Mambo kama hayo ndiyo niliyoyafuata, nikaambulia honi ya dereva.

Nimewaandikia wenye ziara. Wamejibu eti ukumbi ndio kivutio kikuu. Jamani, ukumbi ulikuwepo kwa sababu ya kituo cha tiba! Ni sawa na mgeni kupelekwa Muhimbili akaoneshwa kantini, akarudishwa hotelini.

Pesa wamegoma kurudisha. Kuna mdau aliyewahi kwenda mwenyewe kwa basi la abiria kutoka Athens? Naomba nauli na saa za kurudi. Jumapili nimeomba ruhusa, naondoka alfajiri.