"Saa ya Dhoruba": tafsiri za hovyo za hali ya hewa zitatuulia wazee huku Buffalo

Wakuu, nina hasira, mtanisamehe.

Juzi shangazi yangu, anayekaa kusini ya Buffalo, New York, aliingiziwa ujumbe na programu ya hali ya hewa ambayo mimi mwenyewe, mjinga, nilimwekea Kiswahili. Picha ninayo. Umeandikwa hivi: "Saa ya Dhoruba ya Majira ya Baridi. Theluji nzito kuanzia saa 7."

Shangazi ni mtu wa Kigoma. Saa 7 kwake ni mchana, watu wanatafuta chakula. Akaona ana asubuhi nzima mbele yake, saa 1 na nusu akatoka kufuata unga na dawa zake za presha. Kumbe saa 7 ya hao jamaa ni ya kizungu, yaani saa 1 yetu asubuhi! Hakufika hata dukani. Basi lilikwama, abiria wakashushwa, na bibi wa miaka 68 akajibanza kwenye kituo cha mafuta masaa manne, viatu vimeloa, huku ananipigia simu kuniuliza, "Mwanangu, mbona imewahi?"

Haijawahi, shangazi. Ni saa iliyotafsiriwa na mashine.

Na hiyo "Saa ya Dhoruba" ndiyo nini? Dhoruba imevaa saa mkononi? Kwa Kiingereza neno la kukaa macho, "watch", ndilo hilo hilo la saa ya mkononi, mashine ikachagua la mkononi. Wamarekani wana ngazi zao: moja inasema dalili zipo, jiandae, nyingine inasema dhoruba imethibitika au imeshaanza, tulia ndani. Hapo katikati ndipo mtu anapopona au kuumia. Kwetu ya kwanza ni saa, zilizobaki zote "tahadhari". Sasa mzee atajuaje ipi ni ipi?

Watabiri wenyewe siwalaumu, na kazi yao si ndogo. Baridi kali inapopita juu ya Ziwa Erie, maji yakiwa bado na joto la kiangazi, inazoa mvuke na kuumwaga nchi kavu kwa mkanda mwembamba. Upepo ukigeuka kidogo tu, mkanda unahama mtaa. Novemba 2014 vitongoji vya kusini na mashariki vilifukiwa na theluji zaidi ya mita 1.5, wakati wa kaskazini, maili chache tu, walitoa ufagio wakamaliza. Halafu programu inakupa kapicha kamoja ka wingu, "Buffalo", basi! Msimamizi wangu kazini anaishi kaskazini. Ukimpigia kwamba mlango haufunguki kwa theluji, anakujibu kwake jua linawaka.

Msiniambie ni jambo dogo. Desemba 2022 dhoruba ilitabiriwa siku kadhaa kabla, na ikaja kama ilivyosemwa. Amri ya kuzuia magari ikatoka asubuhi ya tarehe 23, wengine wakiwa wameshafika kazini. Kaunti ya Erie, yenye Buffalo, ilizika watu zaidi ya 40. Utabiri ulikuwepo, jamani! Ulichelewa njiani kati ya mtabiri na mlango wa mtu, na sisi wa Kiswahili tumeongezewa kona nyingine ya kupotelea.

Ninachotaka kwa wenye programu hakihitaji bajeti. Andikeni "saa 1 asubuhi". Neno "asubuhi" tu lingemwacha shangazi kitandani. Na mpeni mtu mwenye Kiswahili chake, hata mmoja, asome kabla hamjatuma.

Nimewaandikia maoni yangu mara tatu. Jana wamenijibu, kwa Kiswahili chao: "Asante kwa kulisha nyuma."